Kukaza Mno

Nilistaafu ualimu mwaka 2010 baada ya kuufanya kwa miaka 38, na katika miaka hiyo 21 nilikuwa mwalimu mkuu. Mtu akikalia kiti kile muda mrefu hupata maradhi ambayo hayapimwi hospitalini: huzoea kuwa yeye ndiye msahihishaji, wala si msahihishwaji. Kalamu nyekundu hubaki mkononi mwake hata baada ya kukabidhi ofisi. Habari ninayotaka kuieleza hapa ni ya siku niliposahihishwa mimi. Kilichonisahihisha hakikuwa kitabu wala mkaguzi wa shule, bali alama nyembamba kama uzi iliyozunguka bomba la darubini ya bunduki.

Najua kwamba wasomaji wengi hawana bunduki wala hawaitamani. Hata hivyo nawaomba wanivumilie katika maelezo ya ufundi yatakayofuata, kwa sababu bila kuyaelewa hayo kosa langu litaonekana dogo kuliko lilivyokuwa.

Bunduki yenyewe niliirithi kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye alikuwa bwana nyama tangu kabla ya Uhuru. Ni BRNO ya risasi za .30-06, iliyotengenezwa Chekoslovakia wakati nchi hiyo ilipokuwa bado moja. Mjomba alifariki mwaka 1994. Wanawe hawakuitaka, nami nikafuata taratibu zote za polisi mpaka leseni ikatoka kwa jina langu. Sikuwa mwindaji. Lakini kijiji chetu kiko katika Bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, na kila anayelima mpunga na mahindi huko anajua maana ya nguruwe pori. Kundi moja likiingia shambani usiku, asubuhi unakuta pamelimwa upya. Vijana hulala madunguni, wakapiga madebe na kupiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Mara chache, msimu ukiwa mbaya, ofisi ya wanyamapori ya wilaya ilitoa kibali na mwenye silaha halali akaombwa asaidie. Ndivyo nilivyokuwa nikiitwa.

Kwa miaka mingi nililenga kwa vile vilengeo vya chuma tu, kimoja nyuma na kimoja mbele, kama mjomba alivyonifundisha. Nilipofika miaka 65 hivi macho yalianza kunikatalia. Jambo hili lina sababu yake. Anayelenga kwa vilengeo vya chuma analazimika kuangalia vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti: kilengeo cha nyuma kilicho karibu na uso, kile cha mbele kilicho mwisho wa mtutu, na kile anachokipiga. Jicho la kijana huruka upesi kutoka kimoja hadi kingine. Jicho la mzee limekakamaa. Likikiona kimoja, viwili vinakuwa ukungu. Darubini huondoa taabu hiyo, kwa kuwa huonyesha shabaha na mistari ya msalaba mahali pamoja, na jicho halina haja ya kuhangaika.

Mwanangu wa kwanza, ambaye ni mhasibu Dar es Salaam, aliliona tatizo langu kabla mimi sijalikiri. Krismasi ya mwaka 2018 alikuja nyumbani na kisanduku. Ndani yake mlikuwa na darubini mpya, pete zake mbili za chuma, na kispana kidogo cha L cha pembe sita.

"Baba," aliniambia, "nimeinunua katika duka la silaha lenye leseni. Wana fundi wao. Wamesema tukiipeleka bunduki ataifunga mwenyewe bila malipo. Ukija mjini mwezi wa pili tutakwenda pamoja."

Nilimshukuru, kisha nikamjibu kama nilivyozoea kujibu. Nilimwambia kwamba nilikuwa nikifunga baiskeli, cherehani na pampu za maji kabla yeye hajazaliwa, na kwamba skrubu nane haziwezi kunipeleka Dar es Salaam. Hakubisha. Mwanangu huyu hakuwahi kunibishia. Alisoma katika shule yangu, na kwa kuwa sikutaka walimu wenzangu waseme kwamba mwalimu mkuu anampendelea mwanawe, nilikuwa nikimwadhibu mara mbili ya wenzake. Wengine wakipata viboko viwili, yeye alipata vinne. Wakati ule niliita jambo hilo haki.

Nilifunga darubini ile mezani kwangu siku ya tatu ya mwaka 2019. Nilitangulia kuhakikisha kwamba hakuna risasi ndani na kuitoa bolti, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa. Pete za darubini hugawanyika vipande viwili, cha chini na cha juu. Cha chini hushikamana na mwili wa bunduki, darubini hulazwa juu yake, kisha cha juu hufunika na kukazwa kwa skrubu kila upande. Nilipokwisha kukaza kwa kile kispana kidogo niliona jambo lililonikera: kati ya kipande cha juu na cha chini palibaki pengo, kama unene wa ukucha. Mimi ni mtu wa mstari ulionyooka. Nikajiambia kwamba pengo lile ni kasoro, kwamba kitu kilichofungwa vizuri hukutana chuma kwa chuma. Nikaleta koleo, nikaibana nalo ncha ya kispana ili nipate nguvu zaidi, nikakaza. Skrubu zililia kidogo. Pengo likazidi kuwa dogo, na upande mmoja likafungika kabisa. Nikaridhika, nikaenda kunywa chai.

Wiki iliyofuata nilikwenda nje ya kijiji, penye ukingo mrefu wa udongo, kuijaribu. Hapa yafaa nieleze jinsi darubini inavyorekebishwa. Juu yake na ubavuni kuna vifundo viwili. Kile cha juu huipeleka risasi juu au chini, na cha ubavuni huipeleka kulia au kushoto. Kila ukikizungusha husikia mlio mdogo, tik. Katika darubini yangu kila mlio ulikuwa robo ya dakika. Sizungumzii dakika ya saa, bali ile ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Kwa umbali wa mita 100, dakika moja ni kama milimita 29, kwa hiyo mlio mmoja huisogeza risasi kama milimita 7. Ni hesabu ya darasani tu.

Hesabu yangu haikutoka. Nilizungusha milio minane kwenda kulia, risasi ikapiga palepale. Nikaongeza minane mingine, ikapiga palepale. Nikapiga ya tatu bila kugusa kitu, ikaruka kulia kiganja kizima. Nikarudisha kidogo, ikatulia. Risasi mbili za mwisho zilipiga katikati, nami nikazihesabu hizo na kuzisamehe nyingine zote. Mwanafunzi angeniletea majibu ya namna hiyo ningemwambia arudie hesabu tangu mwanzo. Mimi nilifunga mfuko nikarudi nyumbani.

Mwezi wa nne nguruwe waliingia mashamba ya mtoni. Kibali kilitoka. Alfajiri moja nilikuwa nimekaa karibu na dungu la kijana mmoja mlinzi, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu. Kulipoanza kupambazuka dume moja kubwa lilitoka kwenye mahindi, kama hatua 70. Niliweka msalaba nyuma ya bega, nikavuta pumzi, nikapiga. Lilipaswa kuanguka. Badala yake lilipiga kelele, likazunguka, likaingia kwenye matete huku likiburuta miguu ya nyuma. Risasi ilikuwa imepiga nyuma kabisa, kwenye tumbo.

Mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Tulingoja, kisha tukafuata damu, kijana mbele na panga lake, mimi nyuma yake. Nguruwe pori huonekana kama mnyama wa kuchekwa, lakini meno yake ya chini ni makali kama kisu cha mchinjaji. Alitoka matetemwe kwa kishindo, bila onyo, akamkumba kijana na kumchana paja. Niliinua bunduki. Ndani ya darubini sikuona mnyama, niliona manyoya meusi tu yaliyojaa kioo kizima, kwa maana kitu kilicho karibu mno darubini hukikuza mpaka hakijulikani. Nikaachana nayo, nikaelekeza mtutu kama mtu anyoosheaye kidole, nikapiga. Kwa rehema za Mungu nilimpata nguruwe.

Tulimfunga kijana kwa shuka, tukampeleka kwa pikipiki. Alishonwa nyuzi 14 na alikaa msimu mzima bila kulima. Gharama za matibabu nililipa mimi, na mkewe nilimpelekea magunia mawili ya mpunga. Watu wote walinisifu kwa ukarimu huo. Walipouliza imekuwaje Mwalimu akose mnyama wa hatua 70, nilikuwa na jibu tayari: darubini ni mbovu, mwanangu ameuziwa kitu kibovu.

Nilimwambia hivyo yeye mwenyewe kwa simu, usiku ule ule, na mkono wangu ungali unanuka damu. Nilimwambia kwamba zawadi yake ya rahisi nusura imwue mtu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Pole sana, Baba. Nitairudisha dukani." Siku ya mazishi ya shangazi yake alikuja akaichukua. Baada ya wiki tatu aliirudisha kwa basi, ndani ya kisanduku kile kile, na ujumbe mfupi: "Wamekataa kuibadilisha, Baba. Tuachane nayo. Nitakununulia nyingine." Nilimjibu asininunulie tena kitu chochote kutoka kwa matapeli.

Tangu hapo simu zake zikawa za sikukuu tu. Alituma fedha kila mwezi kama kawaida, bila kukosa, lakini fedha zilikuja peke yake bila maneno. Nami nilikuwa nikijiambia kwamba vijana wa mjini ndivyo walivyo.

Mwaka 2021 nilikwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Nilifikia kwa binti yangu, wala si kwa kaka yake. Binti aliuliza mara moja tu kwa nini, akaacha. Jicho lilipopona nilianza kuona rangi ambazo nilikuwa nimezisahau, na kwa furaha hiyo nikaamua kulimaliza suala la darubini. Nilikuwa nimeibeba katika mkoba. Anwani ya duka ilikuwa juu ya kisanduku. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa hotuba.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alinikaribisha kiti, akaniita mzee wangu, akaisikiliza hotuba yangu yote. Kisha akaitoa darubini, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza kidogo.

"Mzee wangu," akasema, "darubini hii naifahamu. Iliwahi kuletwa hapa."

"Na mwanangu," nikasema. "Mkakataa kuibadilisha."

"Hatukukataa, mzee. Nilimwonyesha kitu, na baada ya kukiona akaniomba nimrudishie tu. Alisema ni ya baba yake."

Akanishika mkono kwa heshima, akaupitisha ukucha wa kidole changu juu ya bomba, kutoka mbele kwenda nyuma. Bomba lilikuwa laini, laini, kisha ukucha ukaingia katika mfereji mdogo. Ukatoka. Laini tena, kisha mfereji wa pili. Pale pale zilipokuwa pete. Kwa jicho langu jipya niliweza hata kuiona ile alama ikilizunguka bomba, nyembamba kama uzi.

Sitasahau alivyonieleza, kwa kuwa alieleza kama mwalimu mzuri, bila kunifanya nijione mjinga. Alisema bomba la darubini ni la alumini, tena si nene. Ndani ya bomba hilo mna bomba jingine dogo lililobeba vioo na mistari ya msalaba, nalo limeegemezwa kwa springi. Unapozungusha kifundo, ndilo hilo dogo linalosukumwa. Pete ikilibana la nje kupita kiasi, la ndani hukosa nafasi ya kwenda. Unazungusha, tik, tik, tik, lakini halisogei, limekwama. Kisha bunduki inapiga teke, mtikisiko unalilegeza, nalo linaruka kwa pamoja. Baadaye hukwama tena mahali pengine. "Kwa hiyo mlengaji hudhani imetulia," alisema, "kumbe inangoja tu." Zaidi ya hayo, ndani ya darubini hujazwa gesi kavu ili ukungu usiingie, na bomba likiminywa, mihuri yake inaweza kuvuja.

Nikamwuliza kuhusu lile pengo. Akatabasamu. "Mzee wangu, pengo lile ndilo kazi yenyewe. Pete imetengenezwa ili ibaki wazi kidogo pande zote mbili, sawasawa. Pengo likifungika, ujue sasa huikamati darubini, unaiminya."

Nilimwomba anifundishe, akanifundisha. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayeyahitaji, kwa sababu kuuliza si ujinga, nami nililipia gharama za kutouliza.

Kwanza mtu ahakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba bunduki haina risasi, na aitoe bolti. Mifereji ya kushikia pete, pete zenyewe na matundu ya skrubu vifutwe mafuta vikauke. Mafuta kwenye skrubu yanaidanganya mikono, kwa maana nguvu ile ile hukaza zaidi penye utelezi. Vipande vya chini vya pete vikazwe kwanza kwenye bunduki. Kisha darubini ilazwe, na pete ya nyuma pekee ifungwe kidogo. Utazame ya mbele: kama bomba limeinuka au limeegemea upande, pete hazijanyooka, na ukizikaza zote zitalipinda bomba kama mtu avunjaye muwa. Hapo fundi huchukua fimbo ya chuma yenye kipenyo cha pete, akaipaka ile dawa ya kusagia valvu wanayotumia mafundi wa magari, akaisugua katika vitanda vya pete mbele na nyuma mpaka sehemu kubwa ya kitanda iwe inagusa. Lazima ujue kipenyo cha darubini yako. Nyingi za zamani, na hata yangu, ni inchi moja, yaani milimita 25.4, nyingine ni milimita 30. Pete za moja hazifai kwa nyingine.

Pete zisikae juu ya sehemu yenye vifundo, wala kuisukuma, wala kukaribia mno mahali bomba linapoanza kupanuka. Kabla ya kukaza, mtu aipandishe bunduki begani akiwa amefumba macho, kisha afumbue. Akiiona picha nzima bila kivuli cheusi pembeni, umbali ni sawa. Kwa kawaida ni kama sentimita 9 kutoka jichoni. Ikiwa karibu mno, siku moja teke la bunduki litampasua nyusi. Msalaba unyooshwe kwa timazi: bunduki isawazishwe kwa pima maji, uzi wa timazi uning'inizwe mbele, na mstari wa wima uufuate uzi.

Ndipo kukaza kunapokuja. Skrubu zikazwe kwa zamu, moja upande huu, nyingine upande wa pili, robo mzunguko kila mara, huku ukiangalia mapengo yalingane. Fundi alikuwa na bisibisi yenye kipimo ambayo huteleza yenyewe ikifikia kiasi. Kiasi cha pete za darubini, alisema, ni kama newtoni-mita 2 au pungufu kidogo, na kila mtengenezaji huandika chake. Nilipiga hesabu papo hapo, kwa mazoea. Newtoni-mita 2 ni uzito wa kilo moja, mfuko wa sukari, ulioning'inizwa mwisho wa spana ya sentimita 20. Basi! Mtu asiye na kipimo hicho akishike kispana kifupi kwa kidole gumba na vidole viwili, na vidole vinapokataa, aache. Mimi nilikuwa nimetumia koleo na mkono mzima.

Nilimwuliza kama bomba linaweza kunyooshwa. Akatikisa kichwa. Alumini iliyokwisha kuingia ndani hairudi.

Nilitoka dukani nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa, mkoba miguuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yangu nilikuwa nimeyaficha hata kwangu mwenyewe. Lakini kilichonielemea zaidi ya nguruwe na zaidi ya darubini ni lile neno la fundi: alisema ni ya baba yake. Mwanangu aliijua kweli kwa miaka miwili. Angeweza kuipiga picha ile alama na kunitumia. Angeweza kumwambia dada yake. Alichagua kuitwa mjinga aliyetapeliwa kuliko kunionyesha ukucha wangu unavyoingia katika mfereji.

Jioni ile nilikwenda kwake bila kupiga simu. Mkewe alishtuka, akaanza kuandaa chakula. Nilimwomba mwanangu tukae barazani. Katika desturi zetu mzee hamwombi mtoto radhi. Akikosea, humchinjia kuku, na kuku huyo ndiye husema yote. Nilikuwa nimefikiria kuku. Nikaona kwamba kuku hatatosha. Niliitoa darubini, nikaiweka mezani, nikamwambia, "Nimekuja kutoka kwa fundi. Nimekuonea. Nisamehe."

Aliitazama darubini, hakunitazama mimi. "Baba, mbona yamekwisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilipokuwa mdogo niliwahi kukuambia umekosea hesabu ubaoni. Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Hata leo sikumbuki, na ndilo jambo linalonisumbua kuliko yote niliyoyaandika humu. Hakunieleza nilimfanya nini siku hiyo, nami sikuwa na ujasiri wa kumwuliza. Tulikaa kimya mpaka chakula kikaletwa. Tulipokuwa tukinawa alinimiminia maji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nami nikaiacha mikono yangu pale.

Niliporudi kijijini nilikwenda kwa yule kijana wa dunguni. Mbele ya mkewe nilimwambia kwamba darubini haikuwa mbovu ilipotoka dukani, bali niliiharibu mimi, na kwamba dalili niliziona nikazipuuza. Akapandisha kaptula, akalitazama kovu lake kama anaangalia saa. "Mwalimu," akasema, "aliyenichana ni nguruwe." Ni neno la huruma, lakini silichukui kuwa limenifutia. Kila msimu wa kupanda nampelekea mbegu, na sasa anajua kwa nini.

Mwaka uliofuata mwanangu alikuja na darubini nyingine. Tuliipeleka bunduki kwa fundi yule yule, mimi na yeye, na karatasi za leseni mkononi. Fundi alimpa mwanangu ile bisibisi yenye kipimo akaze mwenyewe skrubu za mwisho. Mimi nilisimama pembeni nikitazama mapengo. Yalikuwa sawa pande zote. Nilitaka kusema neno, nikajizuia, na mwanangu aliliona hilo, akacheka.

Ile ya zamani nimeiweka kabatini, kando ya kengele ya shule niliyopewa siku ya kuagwa. Wajukuu huitoa wakatazamia kuku uani. Wakiniuliza zile alama ni za nini, nawaambia.